Kurekebisha vichezeo na michezo ya mtoto mwenye ulemavu: mwongozo wa nyumbani, Kisumu

Mzazi akimpeleka kliniki mtoto mwenye ulemavu huambiwa mengi: mnyooshe miguu, mgeuze kila baada ya muda, mlete tena mwezi ujao. Kucheza hakutajwi sana. Mtoto akirudi nyumbani analazwa mkekani mlangoni, wenzake wanakimbizana kwenye ploti, na kwa kuwa hatoi sauti watu hudhani ameridhika. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtoto huyo. Nimeuandika nikifikiria nyumba za Nyalenda, Manyatta na Obunga hapa Kisumu, lakini vitu vyenyewe utavipata Kakamega, Bungoma au Nakuru vilevile, na vingi tayari viko jikoni kwako au kwa fundi wa mtaani.

Nisisitize jambo moja kabla hatujaanza. Kichezeo kizuri ni kile ambacho dada yake na watoto wa jirani nao watakitaka. Ukitengeneza kitu kinachomfaa yeye peke yake, umemtengenezea kifaa cha mazoezi, na atabaki akicheza na mtu mzima mmoja siku zote. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini ipime kwa swali hili: je, wenzake watakuja?

Hatua ya kwanza: mtazame kabla ya kununua chochote

Siku chache za kumwangalia tu zitakuokolea pesa nyingi. Angalia sauti gani inamfanya ageuke. Angalia akifurahi au akitaka kitu ni kiungo gani kinatangulia kusogea. Kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, ambao hospitalini huitwa CP, si lazima kiwe kiganja. Huenda ni kiwiko, mguu wa kushoto au kichwa. Kiungo hicho ndicho utakachoanzia, hata kama unatamani sana atumie vidole.

Angalia macho pia. Kuna watoto ambao macho yenyewe ni mazima ila ubongo ndio unaopata shida kupokea picha. Mtoto wa namna hii hukiangalia kitu, kisha hugeuza uso pembeni ndipo anyooshe mkono kukichukua. Watu humwona hana haja nacho, kumbe ndivyo anavyofikia. Mwekee kitu kimoja tu, chekundu au cha manjano, juu ya kitambaa cheusi, ukitikise polepole, kisha unyamaze. Hesabu moyoni hadi kumi au hata ishirini. Subira hii ndiyo inayowashinda watu wazima, na mimi naiona kuwa muhimu kuliko kichezeo chochote.

Zingatia umri wake. Mtoto wa miaka tisa asiyeweza kuongea hataki kutikisiwa kayamba ya mtoto mchanga usoni. Anataka mpira, drafti, muziki na kubishana na wenzake. Rekebisha vitu vya rika lake.

Siku ya kliniki kibebe kichezeo chenyewe ukamwonyeshe mtaalamu wa tibakazi, yule wanayemwita OT. Muulize: "Akae vipi anapocheza na hiki?" Utapata jibu la kufanyia kazi kuliko ukiuliza maendeleo yake kwa jumla. Kama hujawahi kufika kituo cha EARC, vile vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kilipo.

Hatua ya pili: mwili utulie kwanza

Mtoto anayetumia nguvu zake zote asianguke hana nguvu za kuchezea. Ndiyo maana kabla ya kurekebisha kichezeo tunarekebisha namna anavyokaa. Lengo ni makalio yafike nyuma kabisa, nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjike kwa pembe mraba, nyayo zikanyage kitu, na meza iwe usawa wa viwiko.

Zipo njia za bure. Mkalishe kwenye kona ya ukuta, kuta mbili zimshike mabega yasirudi nyuma. Beseni kubwa la kufulia lililozungushiwa blanketi ndani linamshika mtoto mdogo vizuri. Tairi kuukuu la gari dogo lililofungwa leso linafaa pia, ila lipapase lote kwanza uhakikishe hakuna nyaya zilizochomoza. Mtoto ambaye mikono yake hukakamaa na kwenda nyuma mlaze ubavu, mto uwe mgongoni, kichezeo kiwe mbele ya kifua. Akilala hivyo mikono hukutana yenyewe, na kwa wengine ndiyo mara ya kwanza kuiona mikono yao miwili pamoja.

Kiti kinachodumu unaweza kukitengeneza kwa katoni. Ufundi huu ulianzishwa Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer, na viti vyake hubeba hata mtu mzima. Pima kwanza. Urefu wa kikalio ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa upana wa vidole viwili ili ukingo usibane mishipa. Kimo cha kiti ni kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Upana ni nyonga zake, ukiongeza kidole kimoja kila upande.

Omba katoni ngumu dukani. Pika ubandiko kwa unga wa ngano: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne hivi vya maji. Koroga unga kwa maji baridi kwanza usifanye madonge, kisha uuchemshe ukikoroga hadi uwe kama uji mzito. Paka katoni ubandiko, pandanisha tabaka tano au sita, na katika kila tabaka geuza mwelekeo wa mistari ya ndani ya katoni. Hiyo ndiyo siri ya uimara wake. Weka mawe juu usiku kucha, kisha uanike juani siku kadhaa hadi ukigonga kilie kama ubao. Usiharakishe hapa, kikiwa na unyevu ndani kitaoza. Kata vipande, viunge, funika maungio yote kwa vipande vyembamba vya magazeti vilivyolowa ubandiko, anika tena, halafu paka rangi na vanishi mara mbili. Vanishi huzuia maji na pia mende, maana mende wanapenda unga. Kwa Kisumu, Desemba hadi Februari ndio wakati mzuri wa kazi hii. Kwenye masika ya Machi hadi Mei utaanika na kuanua hadi uchoke.

Mkanda ufungwe mapajani karibu na nyonga, usifungwe kifuani. Anza kwa robo saa. Ukimtoa, angalia ngozi ya makalio na mgongo. Alama nyekundu zisizofutika baada ya nusu saa zinaonyesha kuna mahali kiti kinambana, na mtoto wa mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri, huenda asihisi wala asilie.

Hatua ya tatu: badilisha jambo moja kwa wakati

Kichezeo kikimshinda, jiulize kinamshinda wapi. Kinatoroka? Hakishiki? Hakioni? Akibonyeza hakijibu? Rekebisha hapo tu, umpe siku kadhaa, kisha uangalie tena.

Kinachotoroka kifunge. Mikanda ya velkro inayotolewa kwenye viatu na mabegi ya mitumba inatosha: upande mmoja kwenye trei, mwingine chini ya kichezeo. Kipande cha mpira wa kandambili chini ya sahani huzuia isiteleze. Ukitumia kamba kufungia, isizidi sentimita 20, ili isije ikamzunguka shingoni.

Kisichoshikika kinenepeshe. Krayoni, brashi, kijiko au kipini cha gari la waya kizungushie sponji ya godoro kuukuu na ufunge kwa kitambaa. Kama vidole havifungi kabisa, shona kanda pana ya kitambaa inayozunguka kiganja, yenye mfuko mdogo wa kuchomeka krayoni.

Ngoma nazo zisisahauliwe. Mkebe wa maziwa uliofunikwa mfuniko unaweza kupigwa kwa kiwiko au kwa mguu. Njuga chache zikishonwa kwenye soksi zinamfanya mtoto mwenye misuli legevu ausikie mguu wake mwenyewe ukisogea, na hapo huanza kuusogeza kwa makusudi.

Swichi ya kubonyeza, na mtoto anayekuwa DJ

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtoto anayesogeza kiwiko tu anaweza kuongoza mchezo wa ploti nzima.

Tafuta redio ndogo au gari la betri mbili za AA, lenye kitufe cha kuwasha na kuzima cha kusukuma. Vitu vinavyowashwa kwa kubonyeza mara moja vikaendelea vyenyewe havitakufaa. Usitumie kamwe kitu cha kuchomeka kwenye umeme wa ukutani.

Kata vipande viwili vya bati jembamba la shaba, ukubwa wa kitako cha betri. Kila kimoja kilehemiwe waya mmoja mwembamba wa urefu wa mita moja. Fundi wa redio atakumalizia kwa dakika chache. Weka kikaratasi kigumu kati ya vipande hivyo viwili visigusane, ubandike kwa selotepu pembeni. Chomeka kitu hicho kati ya betri na chuma kinachoigusa, toboa kijishimo kwenye mfuniko nyaya zipite, kisha ufunge. Sasa washa redio. Inapaswa kunyamaza. Gusanisha ncha mbili za nyaya: inaimba. Ziachanishe: inanyamaza. Kama inaimba bila nyaya kugusana, shaba zimekutana mahali. Kama hainyamazi wala haiimbi sawasawa, betri haijakaa vizuri.

Kisha tengeneza kibonyezo. Kata vipande viwili vya katoni ukubwa wa kiganja chako, kila kimoja ukifunike foili ya jikoni upande mmoja. Bandika ncha ya waya mmoja kwenye foili hii na ya wa pili kwenye foili ile. Kata sponji ya unene wa kama sentimita moja, ukubwa uleule, utoboe tundu kubwa katikati. Iweke kati ya katoni hizo, foili zikitazamana. Zungushia selotepu, usikaze. Ukibonyeza, foili zinakutana kupitia lile tundu. Mtoto mwenye mkono dhaifu apewe sponji nyembamba na tundu pana. Yule ambaye mkono wake huangukia kitu na kubaki hapo apewe sponji nene, la sivyo muziki hautanyamaza.

Kibandike pale ambapo mwili wake tayari husogea: kando ya kiwiko, chini ya mguu, karibu na shavu. Halafu waite watoto. Sheria ni kwamba muziki ukilia wote wacheze, ukinyamaza wote wagande kama sanamu, na anayetikisika anatoka. Ohangla, injili, chochote kilichopo redioni. Hapo DJ ndiye mwenye mchezo, na hutachukua muda kuona wengine wakiomba nao wawe DJ.

Drafti ya mtoto asiyeona

Drafti ya vifuniko vya soda inayochezwa nje ya maduka inakaribia kuwa tayari kwa mtoto asiyeona. Mchezaji mmoja hulaza vifuniko mdomo juu, mwingine mdomo chini, hivyo kidole kinatambua mara moja kilicho chako na kisicho chako. Tatizo ni moja: akipapasa, vifuniko vinasogea.

Kwa hiyo chukua katoni ngumu au plaiwudi ya sentimita 32 kwa 32, uchore miraba ya sentimita nne, nane kwa nane. Kata vipande 32 vya katoni vya ukubwa huo, tabaka moja tu, uvibandike kwenye ile miraba isiyochezewa. Miraba ya kuchezea inabaki kama vijishimo, kifuniko kinatulia ndani lakini ukingo wake unachomoza kidogo vidole viupate. Kila mmoja ana vifuniko 12. Kingi ni vifuniko viwili vilivyopandana. Ponda kingo kwa nyundo au uzisugue kwa tupa kabla ya kuanza, maana hukata. Mpinzani atangaze kila anaposogeza, na mwenzake apewe nafasi ya kupitisha vidole ubao mzima kwa mikono miwili kabla ya kujibu. Mchezo huu ukimkaa vizuri, hatakosa mtu wa kucheza naye pale dukani, hata wazee.

Ajua, bao la nyumbani kwetu huku Nyanza, ni rahisi zaidi kwa sababu mashimo yenyewe yanaongoza mkono. Trei ya mayai inatosha kwa kujifunzia kuhesabu na kugawa kete.

Mpira nao utoe sauti. Siku hizi mifuko ya plastiki ya kubebea haipo, ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini mpira wa matambara bado unafungwa vizuri kwa kamba ya katani. Katikati weka mkebe mdogo wenye kokoto, uliofungwa sawasawa. Ukitaka uchakarike, ongeza karatasi za mkate ndani ya matambara. Goliboli, mchezo ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani na sasa ukiwa katika Paralimpiki, hutumia mpira wenye kengele, na wachezaji wote hufungwa macho. Wafunge vitambaa watoto wote, weka magoli ya mawe pande mbili, waketi chini, wauviringishe mpira. Watazamaji wanyamaze. Hapo asiyeona ndiye atakayekuwa fundi wao.

Mtoto kiziwi, mtoto mwenye usonji

Kwa mtoto kiziwi kichezeo chenyewe mara nyingi hakihitaji kurekebishwa. Kinachohitaji kurekebishwa ni tangazo. Mchezo unaoanza kwa kelele uanze kwa kitambaa kuinuliwa. Watoto wajifunze ishara za "zamu yako", "ngoja", "tena" na "umeshinda". Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa kwenye Katiba ya 2010, na watoto huishika haraka kuliko sisi.

Mtoto mwenye usonji anayepanga vifuniko mstari mrefu tayari anacheza. Kaa kando, uongeze kifuniko kimoja mwishoni mwa mstari wake, usimharibie. Akikubali, umealikwa. Mwambie mapema mchezo unapokaribia kwisha, na awepo mahali pa utulivu pa kwenda kelele zikimzidi.

Usalama

Kitu chochote kinachopita ndani ya kibomba cha tishu ya choo kinaweza kumkaba mtoto anayetia vitu mdomoni, hata awe na miaka kumi. Bano, maharagwe na vifuniko vya soda havimfai huyo. Betri zile bapa za mviringo ni hatari kuliko zote. Zikimezwa zinaweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili, kwa hiyo akimeza, nenda hospitali mara moja. Mtoto wa mgongo wazi mweke mbali na puto na vitu vya mpira wa asili, kwani wengi wao mwili hukataa lateksi, yaani huo mpira wenyewe. Mtoto mwenye dalili za Down (Down syndrome) asibingirike kwa kichwa kabla daktari hajamkagua shingo. Mwenye kifafa asipewe taa za kumetameta. Na beseni la maji, hata ya kina kifupi, liwe na mtu mzima aliyeketi hapo hapo.

Kuwaingiza wenzake

Mara nyingi mtoto wa kiti cha magurudumu hupewa kazi ya kuhesabu magoli au kushika kamba ya blada. Siku moja si mbaya, lakini ikiwa hivyo kila jioni, hachezi. Kwenye kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpira uwe wa sponji, anayemsukuma awe mwenzake wa timu, na apewe maisha mawili. Kwenye brikicho, mtoto asiyeona awe mtafutaji, na waliojificha wapige kofi moja kila anapohesabu hadi kumi. Tapo, ule mchezo wa kukimbizana na kugusana, ichezwe kwa kutambaa, wote wawe chini.

Usiwatungie sheria zote. Waulize watoto, "Tufanyeje ili naye acheze?" kisha uondoke ukapike. Watabishana, watavunja sheria, watatunga nyingine, na mara nyingi itakuwa nzuri kuliko yako. Mzazi wa jirani akikataza wake wasimkaribie, mwendee kwa upole umwonyeshe kichezeo chenyewe, umweleze kwamba hali ya mtoto wako haiambukizwi. Chekechea ikimbakiza darasani wakati wa mapumziko, kumbusha kwamba Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara ya 30 inataja waziwazi haki ya watoto hawa kucheza pamoja na wenzao, hata katika mfumo wa shule.

Anza na watoto wawili, wasiwe kumi. Kikapu cha vichezeo kikae upande wake, mahali mkono au mguu wake unafika, na wenzake wamwombe yeye zamu.